Kibuyu cha Maji Njiani

Mwezi wa Oktoba, katika uwanda wa juu wa Makonde, ni mwezi ambao kila mama hupima maji kwa jicho kabla ya kuyapima kwa ndoo. Mvua za mwaka zimekwisha kusahauliwa, mvua mpya bado ziko mbali, na vile visima vya saruji ambavyo watu huvijenga kando ya nyumba ili kupokea maji yashukayo kwenye bati, vingi vimebaki na maji ya kufika kifundoni tu. Katika majira hayo tulikuwa Kitangari, na baada ya Misa mama mmoja alitungoja chini ya mwembe. Anayo nyumba ya bati na kisima. Kwa majuma mawili alikuwa amewapa jirani zake ndoo moja moja. Kisha siku ya Alhamisi akatia kufuli kwenye mfuniko. Jirani wa kwanza kufika siku ile alirudi na ndoo tupu, na tangu hapo wawili hao hawasalimiani.

“Baba Padri,” alisema, “jirani aliomba maji ya kunywa. Mimi nayaweka ya kufulia. Nina mgonjwa ndani, na shuka zake nazifua kila siku. Je, nimekosa?”

Tulimjibu kama mapadri wajibuvyo wakiwa na haraka ya safari. Tulimsimulia habari za mjane wa Sarepta, ambaye alimpa nabii Eliya mkate wake wa mwisho na unga wake usipungue. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mjane yule alikuwa na nabii ndani ya nyumba. Hatukuwa na la kuongeza, tukaagana.

Tulipokuwa njiani kuelekea Masasi ndipo tulipokumbuka kwamba swali la mama huyu limekwisha kuulizwa zamani, tena karibu neno kwa neno, nalo limebishaniwa kwa karne nyingi. Waliolibishania ni marabi, yaani waalimu wa sheria ya Wayahudi. Yatupasa kukiri kwamba sisi, kama wasomaji wengi wa gazeti hili, tulilelewa kuyadharau mabishano yao. Neno “Farisayo” tulilijua kama tusi kabla ya kulijua kama jina la watu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitutaka Wakatoliki tujifunze kuwafahamu Wayahudi na kuwaheshimu, kwa njia ya masomo ya Maandiko na mazungumzo ya kindugu. Mtu hawezi kuheshimu asichokisoma. Basi leo na tusome kidogo.

Wala asidhani msomaji kwamba twamwita kwenda mbali. Nchini Uganda, karibu na mji wa Mbale, wako wakulima wa Kiafrika ambao sheria hiyo ndiyo sheria ya nyumba zao. Huitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari mashuhuri wa Buganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akashika dini ya Kiyahudi kama alivyoisoma katika Agano la Kale, akafa mwaka 1928. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na wengi wakaiacha, lakini wachache walisali kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Mmoja wa watoto wa jumuiya hiyo, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi mwaka 2008 baada ya masomo huko Los Angeles, akarudi kuwafundisha watu wake. Kwa hiyo mabishano tutakayoyasimulia hapa yasomwa hata leo na watu walimao migomba na kahawa kama jirani zetu wengine.

Na sasa kibuyu.

Watu wawili wasafiri jangwani. Mmoja wao anacho kibuyu cha maji. Wakinywa wote wawili, maji hayatatosha, nao watakufa kabla ya kufika. Akinywa mmoja peke yake, huyo atafika mjini. Afanyeje mwenye kibuyu? Talmudi, lile kusanyo kubwa la mafundisho na mabishano ya marabi lililotimia Babeli yapata karne ya 6, yatuambia kwamba mwalimu mmoja aitwaye Ben Petura alifundisha hivi: ni heri wanywe wote wawili na kufa, kuliko mmoja akitazame kifo cha mwenzake. Fundisho hilo lilisimama mpaka alipokuja Rabi Akiva. Yeye alikishika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, mahali panapoagizwa kwamba ndugu yako aishi pamoja nawe, akalipima neno hilo “pamoja nawe”. Ili ndugu aishi pamoja nawe, sharti wewe kwanza uwe hai. Basi, alisema Akiva, uhai wako unatangulia uhai wa mwenzako. Mwenye kibuyu anywe.

Tunajua jinsi moyo wa Mkristo unavyoshtuka hapa. Twakumbuka maneno ya Bwana wetu katika Injili ya Yohane juu ya mtu autoaye uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Twamkumbuka Padri Maximilian Kolbe, aliyejitoa afe mahali pa mfungwa mwenzake katika kambi ya Auschwitz mwaka 1941. Mwandishi mmoja wa Kiyahudi, Ahad Ha'am, aliliona jambo hilo waziwazi, na mwaka 1910 akaandika kwamba hapa ndipo njia mbili zinapoachana: Injili yadai upendo unaojisahau, lakini sheria ya Kiyahudi yadai haki, na haki haimpendelei mtu mwingine kuliko mimi, kama isivyonipendelea mimi kuliko yeye. Hatukubaliani naye kwa yote. Walakini tutazame vema. Ben Petura naye hakusema kwamba mwenye kibuyu ampe mwenzake maji yote. Alisema wafe pamoja. Na wako waliouliza: ikiwa kila mmoja ni wajibu kumpa mwenzake, je, yule apewaye kibuyu si wajibu naye kukirudisha? Kibuyu kitakwenda huku na huku mpaka wote wawili waanguke, na maji yamo ndani.

Zaidi ya hayo, hukumu ya Akiva ni nyembamba kuliko ionekanavyo. Yahusu maji yasiyotosha ila kumfikisha mtu mmoja tu. Yakizidi hapo hata kidogo, sheria nyingine zote za sadaka na za kumwokoa jirani zarudi na nguvu zake. Aliye na kisima kilichojaa na mlango uliofungwa asijifunike kwa joho la Rabi Akiva.

Tena liko swali la kumilikiwa kwa kibuyu. Hadithi yasema wazi kwamba kimo mkononi mwa mmoja wao. Je, kama ni cha wote wawili? Rabi Shmuel Eidels wa Poland, aliyefariki mwaka 1631, alifafanua kwamba kama maji ni mali ya wote wawili, hata Akiva angekubali wagawane. Neno hilo ni dogo, lakini kwetu sisi tunaoishi kwa mabomba ya umma lina uzito mkubwa.

Maana watu wa uwanda huu hawakupata kuwa na kibuyu cha mtu mmoja. Udongo wake ni wa kichanga, hunywa mvua yote. Hakuna mto juu yake. Maji hushuka ndani kabisa na kutokea tena chini ya magenge, mabondeni. Wazee walipanda kuishi juu kwa sababu ya usalama, siku za mashambulio na biashara ya watumwa, na gharama ya usalama huo ililipwa na shingo za wanawake waliokuwa wakishuka mabondeni alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa kali. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta hali hiyo. Katika miaka ya 1950 mashine zilianza kuyasukuma maji ya bondeni hadi juu, watu wakayanunua kwa debe. Baada ya Uhuru ilitangazwa mwaka 1971 kwamba katika miaka 20 kila mwananchi atapata maji safi karibu na nyumba yake, na Serikali ya Ufini ikasaidia kazi hiyo katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Miaka 20 ilipita, ahadi haikutimia, na Sera ya Maji ya mwaka 1991 ikaanza kuwataka watu wachangie gharama. Hata leo Newala, Tandahimba na Nanyamba zatazama chemchemi na visima virefu vya Mitema, katika bonde la Kitangari. Pampu ikilala, uwanda mzima walala na kiu.

Sasa msikilize Talmudi, katika kitabu kinachohusu nadhiri, kama hamtadhani kwamba waandishi wake walipita Kitangari. Iko chemchemi ya watu wa mji fulani, na watu wa mji mwingine wanaihitaji. Uhai wa wenye chemchemi na uhai wa wageni: wenye chemchemi watangulia. Mifugo yao na mifugo ya wageni: yao yatangulia. Nguo zao za kufua na nguo za wageni: zao zatangulia. Lakini uhai wa wageni na nguo za wenyeji? Hapo uhai wa wageni watangulia. Nguo na zikae chafu mpaka jirani wanywe.

Twaona mpango ulio wazi. Kwanza uhai, kisha mifugo, kisha usafi. Na mahitaji madogo ya mwenyeji hayawezi kuushinda uhai wa mgeni. Jirani zetu Waislamu, walio wengi katika uwanda huu, nao wanalo fundisho la Mtume wao kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na wanasheria wao waliilinda haki ya mwenye kiu kunywa. Sheria ya nchi yetu juu ya rasilimali za maji, ya mwaka 2009, nayo huweka matumizi ya binadamu nyumbani mbele ya mashamba na viwanda. Mpaka hapo mtu angefunga kitabu na kumwambia yule mama: umekosa, fungua kufuli.

Lakini kitabu hakifungwi hapo. Anasimama Rabi Yose na kusema: hasha, hata nguo za wenyeji zautangulia uhai wa wageni.

Tulipolisoma neno hilo mara ya kwanza tulidhani ni kosa la mwandishi. Yawezekanaje shati lishindane na roho ya mtu? Talmudi yenyewe yashangaa pamoja nasi, kisha yaeleza. Alikuwako mwalimu na mganga wa Babeli aitwaye Shmueli, aliyefundisha kwamba uchafu wa kichwa huleta upofu, uchafu wa nguo huleta wazimu, na uchafu wa mwili huleta vidonda. Basi kwa Rabi Yose kufua si pambo. Kufua ni uhai wenyewe, ila ni uhai upoteao polepole. Na wageni, kwa kuwa wanaweza kutafuta maji kwingine, hawana haki ya kuununua uhai wao wa leo kwa maradhi ya wenyeji ya kesho.

Hatusemi kwamba Shmueli alijua udaktari wa leo. Habari ya wazimu tunaiacha kwake. Lakini kila muuguzi ajuaye ugonjwa wa trakoma atakubali kwamba uso usiooshwa unaweza kumfikisha mtu kwenye upofu, na kila aliyeona kipindupindu anajua kwamba mikono na shuka zisizosafishwa huua watu wengi kama kiu iuavyo. Miaka mingi tumewafundisha watu wa vijijini kwamba maji ya kunywa ni lazima na maji ya kunawa ni anasa. Rabi mmoja wa karne ya 2 hakukubali. Wengi hawakumfuata, hata hivyo katika karne ya 8 Rabi Ahai, mwanachuoni wa Babeli, aliiandika hukumu yake kuwa ndiyo ya kushikwa.

Na hapa ndipo tunapopaona penye thamani kubwa zaidi katika masomo haya. Marabi hawakulifuta neno la aliyeshindwa. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yajiuliza yenyewe kwa nini neno la mmoja liandikwe pamoja na neno la wengi, na yajibu kwamba huenda baraza la baadaye litaliona kuwa sawa na kulitegemea. Nyumba ya Hillel na nyumba ya Shammai zilibishana miaka mitatu, kila moja ikidai kwamba sheria ni yake. Wasimulia kwamba sauti ilitoka mbinguni, ikasema maneno ya pande zote mbili ni maneno ya Mungu aliye hai, ila sheria ifuate nyumba ya Hillel. Kwa nini? Kwa kuwa wao walikuwa wapole, walifundisha na maneno ya wapinzani wao, tena waliyataja hayo kwanza. Katika baraza zetu, pamoja na zile za parokia, hatujazoea hivyo. Aliyeshindwa huandikwa “mpingaji”, na hoja yake hutupwa pamoja na karatasi za kikao.

Tumrudie Akiva, maana habari zake na maji hazikwisha jangwani. Mapokeo yasema alikuwa mchungaji wa mifugo asiyejua kusoma, akaanza kujifunza akiwa na umri wa miaka 40. Katika uzee wake Warumi walimfunga, na huko gerezani rafiki yake, Rabi Yehoshua wa Garsi, alimletea kila siku maji ya kipimo. Siku moja mlinzi aliyaona ni mengi mno, akamwaga nusu. Akiva aliomba maji yaliyobaki ili anawe mikono kabla ya kula, kama walimu wenzake walivyoagiza. Yehoshua akamwambia kwamba hayatoshi hata kunywa, yatatoshaje kunawa? Akiva akakataa kuonja kitu mpaka aletewe maji ya kunawa, akisema afadhali afe kuliko kuvunja neno la wenzake. Ni yeye yule aliyesema mwenye kibuyu anywe! Aliauwa na Warumi yapata mwaka 135.

Je, alijipinga mwenyewe? Sisi hatudhani hivyo. Jangwani alikuwa akiwahukumia watu wengine, na hakutaka sheria imwamrishe mtu kufa kwa kiu. Gerezani maji yalikuwa yake, na kiu ilikuwa yake. Yale ambayo mtu aweza kujidai mwenyewe si yale awezayo kumdai jirani. Sisi tunaohubiri kila Dominika, yafaa tuukumbuke mpaka huo. Chini ya mwembe pale Kitangari tuliuvuka bila kujua.

Limebaki neno juu ya sala. Kila mtu wa uwanda huu ajua kwamba mvua ya Oktoba ni baraka kwa mwenye kisima na hasara kwa mwenye mikorosho, maana huharibu maua na kuziozesha korosho zilizoanguka. Wote wawili hupiga magoti katika kanisa moja. Katika Hekalu la Yerusalemu, siku ya Upatanisho, Kuhani Mkuu alipotoka Patakatifu pa Patakatifu alisali sala fupi ya kuombea mwaka wa mvua, na ndani yake alimwomba Mungu asiyasikilize maombi ya wasafiri. Maana msafiri, akiwa peke yake njiani na mzigo wake, huomba mvua isinyeshe, na nchi nzima ina kiu. Hakumlaani msafiri. Alimwombea Mungu asimsikie tu. Mishna nayo yataja sala iliyo bure: mtu arudi kutoka safarini, asikia kilio mjini, na aomba kilio hicho kisiwe nyumbani kwake. Ni bure kwa sababu lililotokea limekwisha kutokea. Sisi twaongeza kwamba kilio hicho lazima kiwe nyumbani kwa mtu.

Na mwaka mmoja wa ukame, hivyo yasimulia Talmudi, Rabi Eliezeri alisimama mbele ya watu akasali baraka 24, asijibiwe. Baada yake Akiva akasali maneno machache, na mvua ikanyesha. Watu walianza kunong'ona. Ndipo sauti ikasema kwamba huyu si mkubwa kuliko yule, bali huyu huachilia makosa aliyotendewa, na yule haachilii.

Mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, tulipita tena Kitangari, tukamtafuta yule mama ili tumlipe deni la jibu. Tulimweleza yote, jangwa na chemchemi na gereza. Alicheka aliposikia habari za Rabi Yose, akasema huyo alipata kuuguza. Tulimwuliza habari za jirani. Alisema wanasalimiana sasa, ila si kama zamani. Kisha akatuuliza jambo ambalo hatukulitazamia: katika hadithi zote hizi wanaume wabishana nani anywe, je, maji yenyewe aliyachota nani? Tulimtajia Yehoshua wa Garsi, aliyekwenda gerezani kila siku na kipimo chake, akamwagiwa nusu, akarudi kuleta tena. Akasema huyo ndiye ambaye angependa kusikia habari zake zaidi. Vitabu vyamtaja kwa mistari michache tu.